Simiti ya Tangi la Mama

Makosa ni yangu, na nimechoka kuyabeba peke yangu. Jina langu achaneni nalo.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na kitu, naishi kwetu nje kidogo ya Gilgil, boma moja na mama yangu. Yeye ana nyumba yake, mimi nina chumba changu kando ya geti. Nilikuwa naenda jimu ya mjini kabla ya kazi. Wakapandisha ada, nikakasirika. Nikasema kwani vyuma ni nini, nitajitengenezea vyangu nyumbani.

Kwa stoo kulikuwa na mifuko miwili ya simiti. Mama aliuza ndama wake ndio ainunue, fundi aje apige plasta ndani ya tangi la maji ya mvua. Tangi lilikuwa limeshajengwa kwa mawe, limebaki hiyo plasta tu. Alikuwa amechoka kubeba mitungi ya maji mgongoni kutoka kisimani, na umri umeenda.

Jameni, niliichukua yote! Nikachanganya na kokoto, nikajaza mikebe ya rangi, nikachomeka bomba katikati. Nilijiambia nitairudisha kabla ya mvua. Marafiki walikuja kuinua, nikajiona mtu wa maana sana.

Fundi akaja, hakuna simiti. Akaenda zake kazi nyingine Mai Mahiu, kiangazi kikapita. Mama aliponiuliza, nilimwambia eti ilishika unyevu ikaganda, nikaitupa. Na unajua alijibu nini? Alisema makosa ni yake, angeiweka juu ya mbao. Akaniomba msamaha. Mimi! Nikaitikia, nikarudi kuinua vyuma.

Mvua ikanyesha, maji yakaingia tangini na kutokea kwa mawe. Mama akaendelea na kisima. Asubuhi moja akateleza kwa matope pale getini, mtungi mgongoni. Nilitoka mbio nikamwinua, na aki alikuwa mwepesi kuliko vyuma vyangu. Kitanda cha karibu kilikuwa changu, nikamlaza hapo.

Kwetu mama haingii ovyo chumba cha kijana wake mkubwa. Alikuwa akisikia tu vyuma vikigonga, akidhani nimenunua. Sasa akageuza kichwa akaviona vimepangwa ukutani, simiti tupu, na alama za mikebe bado ziko.

"Kumbe iligandia hapa," alisema.

Nilingoja anigombeze, na mpaka leo nangoja.

Nyonga ilivunjika. Siku hizi anatembea na mkongojo, mwisho ni mlangoni. Maji nabeba mimi, asubuhi na jioni, na tangi liko vile vile. Vyuma nilivitupa nyuma ya choo. Sina hamu navyo tena.

Wewe unayetaka jimu ya nyumbani, tengeneza, si vibaya. Lakini uliza kwanza vitu unavyochukua vilikuwa vinangojewa na nani. Na kama umeshachukua, nakuomba useme leo, kabla mwenyewe hajajilaumu kwa kosa lako. Ukichelewa, hata mdomo utakuwa mzito kufunguka.

Wageni wakija kumwona mama huuliza mbona tangi halijakwisha. Yeye huwaambia simiti iliharibikia kwa stoo, aliiweka vibaya. Mimi huwa nimekaa hapo hapo, nakunywa chai.