Uso wa Shangazi Dina

Nilipokuwa mtoto katika boma letu karibu na Bumula, nilimjua shangazi yangu kwa kisogo chake na kwa sauti yake. Jina lake kamili lilikuwa Dina Nasimiyu. Watu walimwita Yule wa Jicho, jina ambalo sikulitumia wakati ule na silitumii sasa.

Alikuwa ameolewa Lwakhakha, mpakani. Mtoto wa mke mwenzake aliugua akafa, na wazee wa huko wakasema Dina ana jicho baya: akimtazama mtoto anayekula, chakula humgeuka tumboni. Wakamrudisha kwetu na kikapu kimoja. Yeye mwenyewe hakuwa amezaa.

Nyanya hakumfukuza, kwani alikuwa binti yake. Lakini sisi watoto alituonya: "Mkiwa na chakula mkononi, piteni nyuma ya jiko. Msipite mbele ya Dina."

Siku moja nilikaa kwenye kizingiti cha jiko nikila hindi la kuchoma kwa pupa, masizi mpaka masikioni. Shangazi akatoka ndani, akaniona, akacheka. "Ona huyu anavyokula, kama panya wa ghala! Kula, baba, kula." Jioni tumbo likanikata, nikatapika hadi nikashindwa kusimama.

Nyanya aliuliza swali moja tu: "Nani alikuona ukila?" Nilipotaja jina, akamwita. Dawa ilijulikana: mwenye jicho humtemea mtoto mate kidogo tumboni, kisha humpapasa, ili alichokifunga kifunguke. Shangazi alipiga magoti kando ya mkeka. Alifanya alivyoambiwa huku uso ameugeuzia ukutani, na nikamsikia akisema, si kwangu, "Kumbe ni kweli."

Asubuhi nilikuwa mzima. Onyo la nyanya lilikuwa limetimia, na boma zima likajua. Hakuna aliyeuliza habari za mapera mabichi tuliyokula mtoni mchana ule, nami nilikuwa mdogo mno kuyafikiria.

Kabla ya siku hiyo, waliosema habari za jicho lile walikuwa watu wengine. Baada yake, aliyeamini kuliko wote alikuwa yeye. Hakumtazama mtoto tena. Alitupakulia chakula akiwa ametupa mgongo, akatupitishia sahani kwa nyuma. Hadithi alitusimulia akiwa ameelekea ghala, nasi tulikaa nyuma yake tukiangalia mabega yakitikisika kila alipofika penye kichekesho. Akikutana nasi njiani, alivuta leso hadi kwenye nyusi. Mwalimu wetu wa misheni alitufundisha kwamba mambo hayo ni giza la wazee. Niliyaandika kama alivyoyasema, kisha nikarudi nyumbani na kupita nyuma ya jiko.

Miaka ya themanini ilinikuta Kitale, nikiwa karani, katika nyumba za kupanga zilizochanganya watu wa kila kabila. Mke wangu, Ruth, alikuwa amejifungua kitindamimba wetu, Wekesa. Habari zikaja kutoka Bumula kwamba Shangazi anajikwaa hata kwa kuku. Nikamleta hospitalini. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba akipasuliwa ataona. Nilifurahi. Njiani nilimwambia kwamba atatunga uzi kwenye sindano mwenyewe.

Nyumbani alikaa kwenye kiti kama kawaida yake, ameelekea ukuta. Wekesa akalia mikononi mwa Ruth. Shangazi akasikiliza, kisha akaniuliza, "Daktari amesema sasa naona nini?"

"Mwanga tu, Shangazi. Mtu humwoni. Akikupasua utaona."

"Na akiniacha?"

"Hata mwanga utakwisha."

"Basi aniache. Nipeni mtoto."

Jirani yetu, Mama Chebet, Msabaoti wa huko Mlima Elgon, alikuwa amekuja kuomba chumvi. Alisimama mlangoni nayo mkononi mpaka nikamweleza maana ya maneno yale. "Kwani hata nyinyi muko na hiyo maneno?" akasema. "Mimi nilifikiria ni ya sisi watu wa mlima, bana. Na Mama Wanjiru ananiambia ati hata kwao Kikuyu iko." Kisha akamgeukia Shangazi. "Lakini mama, si utibiwe kwanza? Huyu mtoto hakimbii."

"Nikitibiwa nitampa mgongo tena," Shangazi akajibu.

Ruth alizaliwa Naitiri na kulelewa na maonyo yale yale. Alinitazama, akamtazama mtoto. Kisha akaenda akamweka Wekesa kwenye mapaja yale.

Shangazi akageuka, uso wake wote. Mtoto akamshika pua, akamtia kidole mdomoni, naye akacheka kicheko kile cha siku ya hindi. "Anafanana na nani?" akauliza. "Nieleze polepole."

Nikamweleza paji la uso, nyusi, masikio yaliyosimama kama ya marehemu baba. Nilikuwa mtu mzima mwenye mvi za kwanza, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kuyaona macho ya shangazi yangu kwa karibu. Yalikuwa yamekwisha kuingia ukungu.

Nilimsihi wiki nzima. Alikataa, nikamrudisha Bumula. Alifariki katika miaka ya tisini, kipofu kabisa, na mpaka mwisho watoto wa boma walilala juu yake, wakala mapajani pake, wakamwongoza kanisani kwa kugombania mikono. Wapo waliosema Mungu alimwadhibu. Sikubishana nao. Walikuwa hawajui kwamba tiba ilikuwepo, na kwamba aliipima dhidi ya kitu alichokikosa maisha yake yote.

Wekesa sasa ana watoto wake. Huniuliza Shangazi Dina alikuwa mtu wa namna gani, nami humweleza habari za leso, za ghala na za hadithi zake. Uso wake simwelezi sana. Yeye ndiye aliyeelekezewa uso ule, akiwa mtoto mapajani. Mimi niliuona tu siku ile, nikiwa nimesimama pembeni.