Katapila Lazima Lisimame Penye Mpichi

Umande bado uko kwenye nyasi za shamba la Kabazi, na tayari nyundo ya Waithaka inalia karakanani. Amepiga magoti juu ya gunia, sahani ya klachi, iliyovikwa bitana mpya, iko mbele yake juu ya kipande cha reli, na mdomoni amebana ribiti za shaba kama fundi cherehani anavyobana pini. Anatoa moja, anaiingiza tunduni, anaigonga taratibu mpaka kichwa chake kizame. Kisha anapitisha kidole gumba kuhakikisha.

"Ikibaki juu hata kidogo, italeta kisirani," anasema, na kuchukua nyingine.

Katapila lenyewe liko nje, kiti kimeng'olewa, matumbo wazi. Ni zee hilo. Lilifika shambani kabla ya vita vya Hitler, na minyororo yake imepita karibu kila kilima cha hapa. Msimu uliopita klachi ilichoka kabisa. Likipanda mlima linanguruma bure na plau haisogei. La kutisha zaidi, dereva akivuta mkono wa klachi ili lisimame, halisikii. Linaendelea kutambaa kama ng'ombe aliyenusa maji. Ndivyo lilivyouangusha ua wa ndama.

Sasa mwenye shamba anataka ngano ipandwe kabla ya mvua kubwa, kule juu kwenye kijiji cha zamani cha vibarua. Nyumba zilibomolewa mwaka jana, watu wakahamishiwa laini, safu mpya ya nyumba za vibarua karibu na zizi. Kijijini hakuna kilichobaki ila majivu, vigae vya vyungu na mpichi mmoja unaofika kiunoni.

Chini ya mpichi huo amelala Wangui, mtoto wa pekee wa Waithaka.

Kwa hiyo fundi huyu anatengeneza kwa mikono yake chombo kitakachopeleka plau kwenye kaburi la mwanawe. Linamuuma, na hafichi. Mara kwa mara anaiweka nyundo chini, anafuta uso kwa mkono wa shati, na vumbi la bitana mpya ya klachi linambakia nyusini.

Waithaka alichukuliwa na askari mwaka 1954, wakati Emajensi, ile hali ya hatari ya mkoloni, ilipopamba moto. Wangui alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, na suruali ya baba ndiyo iliyokuwa fimbo yake. Waithaka akahamishwa kambi hadi kambi. Huku nyuma surua ikaingia kijijini, na habari haikumfikia. Alipoachiliwa mwaka jana, mkewe Wariara alikuja kumpokea langoni mwa shamba.

"Nilitazama nyuma yake," Waithaka anasema. "Nilidhani mtoto amejificha kwa marinda ya mama yake."

Hawajapata mwingine. Hata hivyo bado wanaitana Baba Wangui na Mama Wangui, na hakuna jirani aliyethubutu kuwaita vinginevyo.

Siku ya maziko wanaume wengi wa kijiji walikuwa wameshachukuliwa, na waliobaki waliogopa ugonjwa. Aliyechimba kaburi ni Kimutai, dereva wa katapila hili. Kwao Kimutai mtu hashiki maiti ya watu baki, na jamaa zake walimsema hata wakakataa kula naye kwa muda. Akachimba tu. Mpichi aliupanda Wariara mwenyewe.

Waithaka alikwenda kwa mwenye shamba, kofia mkononi, kuomba mahali pale paachwe. Akaambiwa shamba la ngano haliwezi kuwa na viraka, ila dereva akiweza kuuzunguka mti huo mmoja, auzunguke. Mti mmoja, basi.

Kule laini wapo wanaomnong'oneza aiharibu klachi, kwani nani atajua? Waithaka anacheka, lakini si kicheko cha furaha. Katapila hili likishindwa, anasema, litakodishwa jingine Nakuru, na dereva wake hatajua tofauti ya mpichi na magugu.

"Huyo atapita tu," anasema. "Kimutai anajua pale. Lakini kujua kwake kutasaidia nini kama klachi haiachii?"

Ndiyo maana anaipiga tupa bitana hiyo mpaka iwe sawasawa kila upande, anaipima kwa jicho, anaipiga tena. Mshahara wake ni shilingi sabini kwa mwezi na unga wa posho. Kazi hii, anasema, angeifanya hata bila senti.

Mchana klachi inarudishwa mahali pake. Waithaka anakwenda uwanjani na kuweka kikombe chake cha bati chini. Hapo ni kichwani, penye mpichi. Anapiga hatua ndogo, anaweka spana. Hapo ni miguuni. Kimutai analiwasha, analileta polepole, anavuta mkono. Injini inaendelea kunguruma lakini minyororo imetulia tuli, karibu kabisa na spana. Kwa mara ya kwanza leo Waithaka anatabasamu.

Wariara amefika na kibuyu cha uji. Hakuna anayemweleza kitu, na wala hahitaji kuelezwa. Anatua kibuyu, anamwashiria Kimutai arudi nyuma, anaiokota ile spana na kuiweka mbali zaidi na kikombe.

"Baba Wangui," anasema kwa upole, "alikuwa amerefuka."

Waithaka anatazama nafasi iliyo kati ya kikombe na spana. Alikuwa amempima mtoto aliyemwacha. Kimutai ameinamisha kichwa juu ya mikono ya kuendeshea. Yeye aliyechimba alijua tangu mwanzo, ila hakuwa na mdomo wa kusema.

Analeta katapila tena, anavuta mkono. Linasimama kabla ya spana, hapo hapo ilipowekwa na mama.

Kesho wanaanza kulima. Waithaka ameshaomba ruhusa, na atatembea mbele ya katapila kwa miguu mpaka penye mpichi. Mvua ikinyesha, yeye na mkewe watapazungushia mawe, ili hata dereva mgeni apaone.

Kimutai amemwambia hakuna haja ya kujisumbua kutembea, kwa sababu klachi sasa inaachia vizuri.

"Najua inaachia," Waithaka anasema. "Nataka tu niwepo. Siku ile sikuwepo."