Kiraka cha Simu Kuukuu

Mimi sibabaishwi na kitu kipya. Lugha tunayoandikia kurasa za mtandao haibadiliki kwa sababu mtu kaamka na wazo zuri. Pendekezo hupelekwa kwenye kamati, likachambuliwa, likarudishwa, likapanda ngazi polepole, na halipitishwi mpaka watengenezaji wa vivinjari, yaani programu za kufungulia kurasa, wawe wamelijaribu kwanza. Ni kama posa za kwetu Kiambu: siku ya kubisha hodi, bibi harusi humwoni. Pendekezo moja la kuhesabu tarehe nililifuatilia kwa miaka, na lilipopita nilifurahi kama niliyelibuni.

Wakati huo ofisi yetu, katikati ya mji, ilikuwa inatengenezea kliniki ya macho ukurasa wa wagonjwa kujichagulia siku ya upasuaji. Nilikitumia kipengele hicho kipya cha tarehe, nikakiwekea kiraka, yaani msimbo wa ziada wa kuzisaidia simu za zamani zisizokielewa. Mkubwa wangu, kijana wa Kileleshwa mwenye haraka zake, akakitoa kiraka.

"Hiyo kitu inafanya page iwe slow," akasema. "Na si imeshakuwa standard?"

Nikacheka. Kamati ipitishe itakavyo, simu kuukuu haina habari. Na Nairobi hatutupi simu. Ukinunua mpya, ya zamani anapewa mama. Ikimchosha mama, inashuka kwa msichana wa kazi. Huko chini haipokei tena masasisho.

"Boss, ile simu yako ya zamani iko wapi?"

"Nilipea mathe, huko Woodley."

"Basi mtumie link. Saa hii."

Nilijua nimemweza, na nilifurahia, sifichi. Akampigia, akaweka spika tusikie sote. Mama yake alikuwa na mtoto wa jicho, na upasuaji wake ungefanyiwa kliniki hiyohiyo.

"Mum, umefungua? Unaona nini?"

"Nyeupe tu. Nimepangusa miwani, bado ni nyeupe. Kijana yangu, sikujua macho yangu imefika hapo. Tafadhali usiambie dada yako."

Furaha yangu ikaniishia palepale. Mkubwa akazima spika, akasogea dirishani na simu sikioni.

"Si macho, mum. Ni mimi nimeharibu."

Alilazimika kulirudia neno hilo tena na tena, maana mama hakumwamini.