Sauti ya Bi Batuli

Watu walipenda kumwambia Asma mambo yao. Tangu akiwa msichana kule Haubi, Kondoa, akinamama waliokutana naye kisimani walikuwa wakimsimulia habari za waume zao kabla ndoo haijajaa. Hakuwa mdadisi. Alikaa tu, akatulia, akatazama mikono ya msemaji badala ya uso wake, na mtu akajikuta amefika mbali kuliko alivyokusudia. Alipoachika na kuhamia Dodoma na binti yake, akapanga chumba na sebule Ipagala, ni kipaji hicho kilichompatia kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kutafuta nasaba. Nurdini, mtu wa Kondoa mjini aliyesomea kompyuta, alikuwa amefungua ofisi Majengo, ghorofani juu ya duka la nafaka, akaiita Shina. Mteja alifika na jina la babu na pengine picha moja iliyofifia. Baadaye aliondoka na kitabu chenye jalada gumu: ukoo umetoka wapi, nani alimzaa nani, nani aliingia na misafara ya zamani kutoka Unyanyembe au pwani, akaoa Kondoa na asirudi tena kwao. Tangu serikali ihamie Dodoma na mji kufurika wageni, wenyeji wengi walishikwa na hamu ya kuonyesha kwamba wao walikuwepo. Nurdini alishughulika na wateja na mashine. Asma alikwenda kwa wazee, akaamkia, akakaa, akarekodi.

Kwa miaka kadhaa mambo yalikwenda vizuri. Sauti zote zilihifadhiwa kwenye diski moja iliyofungiwa kabatini, na ufunguo walikuwa nao wao wawili tu. Mzee akisema jambo asilotaka litoke, Asma aliliweka kwenye folda aliyoiita Siri, na halikuingia kitabuni. Kabla ya kuwasha simu yake ya kurekodia alikuwa akiwaambia, kwa Kirangi au kwa Kiswahili: "Utakachotaka kiandikwe, kitaandikwa. Utakachotaka kisitoke, hakitoki." Aliamini kila neno la kauli hiyo.

Ndipo akaja Rahimu, mnunuzi wa alizeti pale Majengo, mtu wa safu ya mbele msikitini. Alitaka kitabu cha ukoo wa marehemu baba yake, mzee Abbasi. Alileta namba za simu za ndugu wote, wa Dodoma, Kondoa hadi Dar es Salaam, ili Asma awapigie kuomba nafasi ya kuzungumza nao. Mdogo wake, Shaban, fundi cherehani, alikuwa akiishi na mkewe Shamila na watoto katika nyumba ya baba yao mtaa wa Kikuyu. Huyo ndiye aliyemwelekeza Asma kwa shangazi yao, Bi Batuli.

"Ukifika nisalimie sana," Shaban alimwambia, pini zikiwa mdomoni. "Yule mama ananipenda kuliko watoto wote wa nyumba ile. Kila Idi ananishonea kofia kwa mkono wake, mpaka leo na mvi hizi."

Bi Batuli aliishi nyuma ya soko la Kondoa, katika nyumba ya udongo yenye ua uliofagiliwa mpaka ukang'aa. Alikuwa ameolewa mara mbili, na katika ndoa zote mbili hakujaliwa mtoto. Asma alimwamkia, akaitikiwa, akapewa kigoda na kikombe cha uji wa uwele. Walizungumza tangu asubuhi: habari za babu aliyekuja akiwa mpagazi, za bibi wa Kirangi aliyemficha, za njaa, za mafuriko ya mto. Jua lilipogeuka, Asma alinyoosha mkono azime simu. Bi Batuli akamshika kiganja.

"Usizime. Kuna jingine, lakini hili si la kitabu cha Rahimu."

"Nakusikiliza, mama."

"Hili ni la Shaban. Nikishazikwa, umpe yeye peke yake, alisikie kwa sauti yangu mwenyewe. Sitaki aje kuambiwa na midomo ya watu. Utaweza?"

"Nitaweza."

Bi Batuli akavuta kanga yake begani. Alisema alipata mimba akiwa msichana wa shule, kwa mtu ambaye hata siku hiyo hakutaka kumtaja. Kaka yake, mzee Abbasi, angevunjika uso mbele ya watu. Mkewe Abbasi, Bi Mgeni, alikuwa amezika mtoto mchanga mwaka uliotangulia. Akaja Kondoa kutoka Dodoma, akawaambia majirani ni mjamzito, akawa anajifunga vitambaa tumboni na kuviongeza kila mwezi. Wifi wawili wakajifungia ndani, mmoja akificha tumbo na mwingine akilitengeneza. Mtoto alipozaliwa, Batuli alimnyonyesha kwa siku chache, kisha Bi Mgeni akampakata, wakapanda basi.

"Sikumlaumu mtu," alisema. "Walinisitiri. Shaban ananiita shangazi, nami naitika."

Hakulia. Asma ndiye aliyefuta machozi. Jioni hiyo hiyo, aliporudi Dodoma, aliihamishia sauti ile kwenye folda ya Siri, akafunga kabati, akahisi amebeba yai mkononi.

Kitabu cha Rahimu kilitoka kizuri, na Shaban aliandikwa humo kama mtoto wa mwisho wa mzee Abbasi na Bi Mgeni. Ndugu walifurahi.

Mwaka uliofuata Nurdini alileta mpango mpya. Vitabu, alisema, vimepitwa na wakati. Kila ukoo utapata ukurasa wake mtandaoni. Mashine itasikiliza sauti za wazee, itaandika maneno, na itachora yenyewe mti wa ukoo. Diski ingepelekwa kwa fundi wa mitambo Dar es Salaam, azipandishe sauti zote mtandaoni.

"Na folda ya Siri?" Asma aliuliza.

"Hiyo haiguswi, dada Asma. Nimeshamwelekeza."

"Si bora tuitoe kabisa kabla diski haijaenda?"

"Nimeshamwelekeza, nakwambia. Yule ni mtaalamu." Nurdini hakusema kwa ubaya. Alikuwa na haraka, na mezani kwake simu ilikuwa inaita. Asma akaenda kuandaa chai.

Ujumbe uliingia Ijumaa, watu wakitoka msikitini. Ulitumwa kwa kila namba aliyowahi kuileta Rahimu, zile namba zilizoombwa kwa ajili ya miadi tu. Ulisema: *Habari njema! Shina imegundua uhusiano mpya katika ukoo wako. Mama: Batuli. Mtoto: Shaban. Bonyeza hapa usikilize.*

Na watu wakabonyeza.

Asma alizipata habari akiwa sokoni ananunua mlenda. Shamila, mke wa Shaban, ndiye aliyempigia. "Dada Asma, mmetufanyia nini?" Hakupiga kelele. Nyuma yake Asma alisikia sauti ya Bi Batuli ikitoka kwenye simu nyingine, ile ile ya ua wa Kondoa, ikisema *walinisitiri*. Akakaa juu ya gunia la karanga la mtu.

Alimkuta Nurdini ofisini, jasho limemlowesha shati. Fundi wa Dar alikuwa amepandisha diski nzima. Mashine haikujua folda ipi ni siri na ipi si siri. Ilisikia neno "mimba", ikasikia jina, ikaunganisha, ikakata kipande hicho cha sauti, kisha ikatuma pongezi.

"Nimeshaufunga ukurasa," Nurdini alisema. "Nimefuta kila kitu mtandaoni."

"Na waliokwisha kusikia?"

Mpwa mmoja alikuwa ameinasa sauti ile na kuitupia kwenye kundi la familia. Kutoka hapo ilikwenda kwenye kundi la mtaa, la wanaume wa msikitini, na la watu wa Kondoa waishio Dar. Kufikia magharibi, Kondoa yote ilikuwa inamsikiliza Bi Batuli.

Kesho yake Asma alikwenda Kondoa kuomba radhi. Mlango ulikuwa umefungwa. Jirani aliyekuwa akimhudumia Bi Batuli alitoka, akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Mama anasema hakujui."

"Mwambie ni Asma, wa—"

"Amekusikia. Anasema hakujui."

Alisimama pale mpaka watoto wa mtaa wakaanza kukusanyika, halafu akarudi stendi.

Shaban alimfuata Ipagala katikati ya wiki. Alikuwa amekonda uso, na tepu yake ya kupimia ilikuwa bado inaning'inia shingoni kama aliyetoka kazini bila kuaga. Alikataa kiti.

"Nimetoka kwa shangazi," alisema. "Nilimpigia magoti. Nikamwambia, sidai kitu, siulizi baba ni nani, nataka niseme mama mara moja na wewe uitike. Unajua alinijibu nini? Kwamba ile si sauti yake. Ameapa. Kwamba ni mashine imetengeneza." Akaishika tepu shingoni. "Wewe ulikuwepo, dada Asma. Ni sauti yake au si yake?"

Asma alielewa kwa nini Bi Batuli ameapa. Kama ile ni kazi ya mashine, basi Shaban bado ni mtoto wa Abbasi, na nyumba ya Kikuyu bado ni yake. Yule mama alikuwa anamlinda mwanawe kwa njia pekee iliyobaki, kwa kumkana. Kumwambia Shaban ukweli kungekuwa kumbomolea ukuta huo, tena Bi Batuli akiwa hai, kinyume na ahadi. Kumwambia uongo, huku anamtazama vile, hakuweza.

"Siwezi kukujibu, kaka Shaban."

"Huwezi, au hujui?"

"Siwezi."

Shaban akatikisa kichwa taratibu. "Basi umejibu. Kumbe amenizaa, na amenikana mbele ya macho yangu." Akatoka.

Alijaribu kufanya lililobaki. Alimwendea Lameck, mwanasheria mwenye chumba kidogo karibu na mahakama, akamweleza bila kutaja majina. Lameck alimsikiliza kwa makini. Alimwambia sheria ya kulinda taarifa za watu ipo, na mahali pa kulalamikia papo, tena humu humu Dodoma.

"Lakini aje mwenye taarifa," alisema. "Yule mama aje aeleze ni siri gani ilitoka, na kwamba ni yake."

"Yaani akaiseme tena?"

"Ndiyo hivyo, dada. Kabla sheria haijamlinda, lazima akiri."

Shaban naye, alipopigiwa simu, alijibu kwa mkato: "Nikalalamike nini? Kwamba wamesema ukweli?" Akakata.

Rahimu hakuchelewa. Nyumba ya Kikuyu ilikuwa haijagawanywa tangu mzee afariki, na kiwanja kile sasa kilitamaniwa na wanunuzi wengi. Alikwenda kwa masheikh na sauti ikiwa simuni mwake, akauliza kama mtoto wa dada wa marehemu anarithi mbele ya mtoto wa kuzaa. Jibu alikuwa nalo tangu kabla hajauliza. Kiapo cha Bi Batuli hakuna aliyekitilia maanani. Kila mtu aliijua sauti yake.

"Simfukuzi mimi," Rahimu alimwambia Asma walipokutana Majengo, wala hakuonekana kujificha. "Ni mirathi. Na ninyi ndio mlionifungua macho, Mungu awalipe."

Shaban hakupigania. Mkewe alimsihi, marafiki wakamsihi. Yeye alikunja cherehani yake, akaiuza, akawapeleka Shamila na watoto kwa dada yake Shamila, akaondoka kwenda kwenye machimbo ya dhahabu kusini. Alisema atatuma chochote akipata.

Asma aliacha kazi. Nurdini alibadilisha jina la ofisi, akaweka zulia jipya, na wateja wakaendelea kupanda ngazi. Hakuwa mtu mbaya. Aliwahi kumwambia Asma kwamba halali usingizi, na Asma alimwamini, ila hakuona hilo linamsaidia nani.

Bi Batuli alifariki masika. Tangu ile Ijumaa hakuwahi kwenda harusi wala hitima ya mtu, na dukani alituma watoto. Asma alikwenda msibani. Wanawake walisogea, lakini si kumpa nafasi, akakaa pembeni juu ya kiatu chake mpaka dua ikaisha. Shaban hakuonekana.

Baada ya arobaini alikwenda kumtafuta Shamila. Alimkuta uani kwa dada yake, anapeta uwele.

"Nina ujumbe wa marehemu kwa Shaban," Asma alisema. "Aliniomba akishazikwa nimpe sauti yake."

"Sauti ipi?" Shamila hakuacha kupeta. "Ile ile?"

"Ile ile. Ilikuwa yake, Shamila. Alitaka aisikie yeye peke yake. Nataka ajue hivyo, kwamba alikusudia yeye tu. Na kwamba alimkana ili asipoteze nyumba."

"Nyumba imepotea. Na sauti hata mwanangu wa darasa la pili ameisikia, wenzake walimwekea shuleni." Akapuliza makapi. "Umebaki kumwambia nini?"

"Nipe namba yake tu."

"Haipatikani tangu Ramadhani. Waliokuwa naye wanasema alihama, hawajui alikohamia."

Asma alibaki amesimama. Shamila hakumkaribisha kukaa, wala hakumwambia aondoke. Upepo ulikuwa unapeperusha makapi mpaka kwenye gauni la Asma. Mwishowe akaaga, akasubiri kidogo, na hakuna aliyeitikia.