Kuku wa Shadlia na Pilipili za Si Hmida

Zied, aliyekuwa na miaka mitatu, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuwaona kuku. Alikuwa ameamka kabla ya wote, akatoka uani pekupeku kama kawaida yake, na bibi yake Shadlia alipomfuata na ndala mkononi alimkuta amechuchumaa katikati ya mizoga. Kuku wote walikuwa wamelala ubavu, miguu imekakamaa. Jogoo amekufia karibu na beseni la maji, mdomo wazi. Mtoto alikuwa akimpapasa mmoja mgongoni, akimbembeleza aamke. Mkono wake mwingine ulishika kipande cha mkate uliolowa, wenye rangi ya waridi isiyo ya mkate, na ncha yake ilikuwa imemegwa. Kama ni kuku aliyeimega au ni mtoto, hapakuwa na wa kusema.

Shadlia alimtia kidole kooni hapo hapo. Mtoto akatapika, akalia, akatapika tena. Bibi akambeba mgongoni mpaka barabara kuu, akasimama katikati ya njia, na gari la kwanza lililofunga breki ndilo lililowapeleka hospitali. Walimwosha tumbo, wakamlaza, na Mungu akamrudisha. Lakini Shadlia aliyerudi nyumbani na mtoto yule begani hakuwa yule aliyetoka.

Walikaa pembezoni mwa mji wa Korba, mahali ambapo nyumba zinaanza kuachiana nafasi kwa ajili ya mashamba ya nyanya na pilipili. Shadlia alikuwa mjane. Ujana wake wote aliumalizia kiwandani akimenya nyanya, na vidole vyake havikunyooka tena. Binti yake Najet alishona nguo kwenye karakana moja, anatoka kabla ya jua na kurudi baada yake, kwa hiyo watoto wawili, Yumna na mdogo wake Zied, walilelewa uani na bibi. Walijifunza kutembea kwa kushika waya wa banda la kuku. Walijua kuokota yai bila kulivunja kabla hawajajua kufunga vifungo. Mchana wote walikuwa ama kwenye nanaa ama kwenye njegere, wakiokota konokono na kuwarushia kuku, huku Zied mara nyingine akimwonja konokono yeye mwenyewe ili ajue kuku wanampendea nini.

Upande wa pili wa ukuta, nyuma ya safu ya mipungate, alikaa Hmida, ambaye kwa heshima wote walimwita Si Hmida. Alikuwa ofisa wa forodha kabla ya kustaafu, na sasa kazi yake ilikuwa pilipili. Mtaa mzima haukuwa na pilipili kama zake. Msimu ukifika alizitunga kwenye nyuzi na kuzitundika mbele ya nyumba kuanzia paa hadi mlangoni, nyekundu kama zulia la harusi, na wapita njia walipunguza mwendo wazitazame. Wanawake wa mtaa walikusanyika kwake kuzitunga na kusaga harisa, ile pilipili ya kusindika kwa mafuta, naye akipita katikati yao mikono nyuma, akikosoa mafundo.

Jogoo wa Shadlia ndiye aliyemkera. Alikuwa amekwisha kusema ukutani, mbele ya watu: "Shadlia, ama umnyamazishe wewe, ama nitamnyamazisha mimi."

Kwa hiyo Shadlia alipotoka hospitali alikwenda kwa Si Hmida moja kwa moja, bila hata kubadili nguo iliyotapikiwa.

"Mkate ule ni wako," alimwambia mlangoni.

"Mkate gani, mama? Mimi naweka sumu ya panya kwangu. Panya wanabeba. Kuku hawana sheria, wanaokota chochote."

"Na mtoto?"

"Mtoto alindwe na wakubwa wake." Si Hmida alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyezoea kuwarudisha watu mpakani. "Mshukuru Mungu amepona, uende ukapumzike."

Mkewe Wasila, naye akiitwa Lalla kwa heshima, alikuwa amesimama nyuma yake kwenye korido na bakuli la unga. Alimtazama Shadlia mara moja, kisha akaangalia chini.

Polisi walimuuliza Shadlia kama alimwona mtu akirusha mkate. Hakumwona mtu. Basi, wakasema, wafanyeje?

Shadlia hakupiga kelele tena. Majirani walishangaa. Alikutana na Si Hmida dukani akamsalimu, "Asubuhi njema, Si Hmida," naye akajibu, "Asubuhi ya nuru," akidhani yamekwisha. Najet ndiye aliyeona kwamba mama yake sasa anatafuna polepole, macho yameelekea ukutani.

"Mama, unawaza nini?"

"Nawaza kufuga."

Alikwenda kwa dada yake katika mji wa Menzel Temime, akarudi na kuku anayeatamia ndani ya kikapu, na mayai ameyafunga kwenye kitambaa cha sufu tumboni kwake ili yasipoe. Ilikuwa baridi bado. Alimweka kuku jikoni, kando ya jiko, akawaambia watoto wasimguse. Yumna alikaa karibu yake akimsimulia habari za mtaa kwa kunong'ona. Vifaranga walipoanguliwa, Zied alipiga makofi mpaka mama kuku akamdonoa.

Sasa kila mtu anajua kwamba kuku hufuata jembe. Shadlia alilitumia hilo. Kila alipopiga jembe kwenye bustani yake alitoa mlio mmoja kwa ulimi, tak-tak-tak, na vifaranga wakaja mbio kuchakura udongo uliofunuliwa. Watoto waliuiga mlio ule, wakawa wanautoa hata kitandani. Vifaranga walipokua kidogo na kuota manyoya ya kweli, aliwahamishia kwenye kona ya uwanja wenye saruji. Aliwalisha vizuri, lakini udongo hakuwapa. Wakawa wanachakura saruji bure, wanaparura mpaka kucha zinalia. Jioni moja moja tu aliwafungulia kwenye kijituta chenye samadi, alichokitengeneza chini kabisa ya ukuta, pale penye tundu la kupitishia maji ya mvua. Tundu alikuwa ameliziba kwa bati na jiwe.

"Bibi, kwa nini hawaendi kwenye nanaa?" Yumna aliuliza.

"Nawasomesha."

"Wanasoma nini?"

"Kilimo."

Upande wa pili, Si Hmida alichimba, akasawazisha, akamwaga samadi ya kondoo, akafanya matuta yaliyonyooka kama rula. Kisha akapandikiza miche yake, ile aliyoilea ndani ya nyumba tangu baridi. Shadlia aliisikia ndoo ya maji ikitembea kutoka mche hadi mche, na kila tone alilionja kama chumvi. Alisubiri Ijumaa. Ijumaa mtu yule alivaa jebba, kanzu yake nyeupe, na kwenda msikitini, na Wasila alikwenda kwa binti yake.

Siku ile kuku hawakupewa kitu asubuhi. Adhana ilipoisha, Shadlia aliondoa jiwe, akavuta bati, akapiga ulimi mara moja tu.

Hakuhitaji kurudia. Waliingia tunduni mmoja baada ya mwingine, wakisukumana kama wanaokwenda kwenye mgao. Shadlia akapanda darini na Yumna ili wawaone. Udongo ulikuwa umelowa, laini, umejaa minyoo. Kuku wale hawakuwahi kuona neema kama ile. Walichakura kwa miguu yote miwili, wakirusha udongo nyuma, na miche ikaruka nao, mizizi juu. Kuku mmoja mwekundu, ambaye Zied alimfanya wake, alishika mche mdomoni, akakimbia nao, akafukuzwa, akautupa, akang'oa mwingine. Wengine wakafukua mashimo na kujilaza humo, wakijimwagia mavumbi mabawani kwa raha zao.

"Babu yule atalia?" Yumna aliuliza.

"Atalia."

"Sana?"

"Mungu akipenda."

Yumna akafikiri, kisha akasema, "Vizuri," akakaza midomo. Shadlia aliuona mdomo ule, ukamshtua kidogo, maana ulikuwa wake mwenyewe. Lakini hakushuka.

Si Hmida alirudi pamoja na wanaume wengine wa mtaa, wakizungumza. Alifungua geti, mazungumzo yakakatika. Alisimama pale na jebba yake nyeupe akitazama matuta yake na kuku waliokuwa wakichakura. Kisha akawavamia. Alikanyaga matope, akateleza, akapiga goti, akamdaka kuku mwekundu aliyekuwa karibu, akamnyonga shingo, akamvurumisha juu ya ukuta. Kuku akaanguka miguuni mwa Zied.

Mtoto alipiga ukelele ulioleta mtaa mzima.

Shadlia alikwisha kushuka. Alimkumbatia mtoto, akaenda kusimama getini kwa yule, mbele ya wanaume waliotoka kusali.

"Pole, Si Hmida," alisema kwa sauti ya kutosha wote wasikie. "Tundu limefunguka. Kuku hawana sheria, wanaokota chochote."

"Umewaleta wewe! Umewafundisha, mchawi wewe!"

"Umeniona nikiwaleta?"

Mzee mmoja alikohoa kuzuia kicheko. Si Hmida alikisikia. Damu ikampanda usoni, akamsogelea Shadlia akimnyooshea kidole kilichojaa matope.

"Nilikwambia umnyamazishe jogoo! Nilikwambia! Ningelala kama watu nisingechovya mkate wowote! Na leo nakwambia, nitachovya mwingine, na mwingine, mpaka kusiwe na hata unyoya katika ua wako!"

Yeye mwenyewe alikuwa wa mwisho kusikia alichosema. Aliangalia huku na huku, kama mtu aliyefungua begi lake mwenyewe mbele ya forodha.

Lalla Wasila alikuwa amefika, amesimama nyuma ya watu na mtandio wake mweupe.

"Ni kweli," alisema taratibu. "Aliuchovya jikoni kwangu, kwenye sahani yangu. Nikamwambia, kuna watoto pale. Akasema watoto hawali mkate wa chini." Akamgeukia Shadlia. "Dada yangu, nimekula kwenye sahani zile tangu siku ile na chakula hakinishuki."

"Ungesema mapema, Wasila," Shadlia alimjibu. Hakumwonea huruma siku ile.

Polisi walikuja, na safari hii walikuwa na mashahidi wa kuchagua. Si Hmida alihukumiwa, akalipa faini, akarudi. Lakini hukumu ya mtaa ndiyo iliyomkaa. Mkahawani alipokaa kwenye meza ya dhumna, wenzake walikumbuka shughuli zao, wakainuka. Ulipofika msimu wa kutunga pilipili, wanawake walijaa uani kwa Shadlia, wakakaa juu ya mikeka katikati ya kuku, na Wasila akaja nao, akaketi mwisho wa mkeka. Shadlia alimsogezea sindano na uzi bila kumtazama. Kumtazama kulikuja baadaye, na chai baadaye zaidi.

Kuku mwekundu hakuliwa, kwa kuwa hakuchinjwa. Walimzika kwenye njegere. Zied alimwagilia maji pale kwa muda mrefu, na walipomuuliza alisema anataka atoke mwingine.

Wakati wa Idi, Najet alimwambia mama yake, "Mama, siku kubwa hii. Mtu yule amesimama njiani anakungoja umsalimie. Msamehe basi."

"Aliyetiwa sumu ni mwanao. Siku Zied atakapoota ndevu, akitaka amsamehe mwenyewe. Mimi kazi yangu ni kumlea mpaka ndevu hizo ziote."

"Na watoto? Wanakuona."

Shadlia akachukua ungo, akaanza kupepeta ngano. Siku iliyopita alikuwa amemkuta Yumna akipiga tak-tak-tak kando ya doli la binti wa jirani aliyemnyang'anya pipi, na jogoo mpya akiwa tayari anakuja mbio. Alimfukuza jogoo. Lakini hakumgombeza Yumna.

Mwaka uliofuata Si Hmida aliziba tundu kwa saruji kwa mkono wake mwenyewe, na bado hakuiamini ardhi. Alipanda pilipili chache kwenye madebe, juu ya paa. Kila jioni alipanda ngazi na ndoo ya maji, akisimama kila vidato viwili kushika goti lile aliloangukia matopeni. Shadlia alitoa kigoda chake nje saa hiyo, akaweka sinia la njegere mapajani, watoto huku na huku wakimmenyea, na kuku miguuni wakidaka maganda. Alimwangalia akipanda, akamwangalia akishuka kuchukua ndoo ya pili. Kumtazama hakukuifuta ile asubuhi ya mizoga, wala hakukumwondolea ndoto mbaya. Lakini njegere alizomenya saa ile, alimwambia dada yake, zilikuwa tamu kuliko za saa nyingine yoyote.