Kaunsela Alikataa Chai Yangu, Sasa Ofisi Inangoja Kidole Changu

Admin, jina langu usiandike, hata la soko letu wacha, huku Embu watu wanajuana. Mimi ni mama wa miaka sabini na mbili. Shule sikuingia. Haya ninasema na mama wa saluni anaandika, na ameniapia kwa Biblia hatasema. Hata yeye simwamini sana, lakini nitafanya nini, ndiye ako na simu.

Niko na msichana wangu wa mwisho, tumwite Karimi, ako na miaka thelathini na nne. Alianguka kutoka kwa mti wa makadamia akiangusha matunda, mgongo ukaharibika, miguu ikakufa. Hiyo mti nilikata. Watu waliniambia mti haina makosa, nikawaambia nyamazeni, si wenu alianguka. Sasa Karimi ako kwa wilichea na ni sisi wawili tu, kwa maana mzee wangu alienda kitambo.

Ofisi ya walemavu ikatuletea kaunsela, mwanaume, shati imepigwa pasi, viatu haina matope na barabara yetu mnaijua. Nikapika chai ya maziwa tupu.

"Asante cucu," akasema, vile huku tunaita nyanya, "lakini sitakunywa."

"Umeshiba wapi na ni saa nne?"

"Kazi yetu hairuhusu kupokea kitu kwa boma ya mtu tunamsaidia."

Sasa niambieni, kazi gani inakataza chai? Kwetu mtu akikataa chai yako amekukataa wewe, ama anaogopa utamwekea kitu, na mwenye anaogopa kuwekewa ndiye anajua kuweka. Wiki ingine nikachinja kuku. Akakataa. Nikafunga ndizi kwa gunia, akaiacha kwa mlango.

Halafu akaniambia, "Cucu, tunaomba nafasi kidogo." Kwa nyumba yangu! Karimi naye akasema, "Mami, enda uangalie ng'ombe." Ng'ombe inaangaliwa nini na imefungwa? Mlango ukafungwa. Nikasimama kando ya dirisha na sufuria, eti naosha. Wanaongea polepole, mara Karimi analia, mara anacheka. Huyo mtoto alikuwa hajacheka tangu aanguke.

Akitoka nikamuuliza wamesema nini. "Cucu, hiyo ni ya Karimi. Akitaka atakuambia mwenyewe." Mimi ndiye nilimzaa, mimi ndiye namgeuza kitandani!

Basi nikaenda ofisini kwao bila kuambia Karimi. Nikasema huyo mtu anafunga mlango na msichana wangu. Hiyo ni kweli. Nikasema nimemwona akimshika mapaja. Hiyo sikuona. Mungu anisamehe, ilitoka tu kwa mdomo nikaiacha iende. Wakamsimamisha kazi, Karimi akaambiwa tu amehamishwa.

Wakaleta mwingine, mama mcheshi. Huyo alikunywa vikombe vitatu, akakula kuku na shingo yake. Nikasema huyu sasa ni mtu. Hata sikumuuliza kitu, yeye mwenyewe akanong'ona, "Cucu, kwani hujui? Karimi anataka kuhama aende mjini, mtaa wa Majimbo, akae na rafiki yake ashone nguo. Yule wa kwanza alikuwa anamtafutia nafasi kwa watu wa cherehani. Iko kwa faili." Akaniambia pia juu ya mzee wa huko chini mwenye alikatwa mguu, vile analia bibi yake amemhama kitanda. Nikacheka mpaka machozi.

Alipoenda nikaanza kujiuliza: akienda kwa huyo mzee, si anakula kuku yake akisema mambo yangu pia?

Jumapili nikapata jibu. Kanisani mama mmoja wa kikundi akaniuliza mbele ya watu, "Kumbe Karimi anakutoroka?" Na Karimi ako hapo kando yangu, amesikia.

Nikamsukuma na wilichea mpaka nyumbani. Halafu akasema, "Mami, hiyo maneno niliambia kaunsela wa kwanza peke yake. Ulisema si mtu mzuri nikakubishia. Kumbe uliona mbali." Akanishika mkono. Tangu hiyo siku amekataa kaunsela yeyote, na cherehani hataki kusikia.

Sasa ofisi imeniita Jumanne. Wameandika yale nilisema, wanataka niweke kidole gumba, na nikiweka huyo mtu amefutwa kabisa. Kumbe alikuwa anatunza maneno ya mtoto wangu kuliko mimi. Nikisema nilidanganya, atarudi, Karimi atajua ni mimi, ataenda Majimbo akinichukia. Nikinyamaza, atabaki na mimi, ananishika mkono akisema asante kwa uongo.

Kidole hiki kimekamua ng'ombe miaka mingi, sasa ofisi inakingoja. Watoto wangu, nishaurini, Jumanne nikiweke ama niseme?