Televisheni ya Baba Watoto

Lori la mume wangu lilipinduka na ng'ombe kwenye barabara ya Marsabit, katikati ya miaka ya themanini, na tangu siku hiyo kutoka kiunoni kwenda chini hakuwa na nguvu tena. Tulimrudisha nyumbani Kiwanjani, hapa Isiolo, tukamlaza chumba cha mbele ili asikie watu wakipita. Mtu aliyekuwa akibishana na kila askari wa vizuizi vya barabarani hadi Moyale akanyamaza kabisa. Baadaye akaanza kukataa chakula. Nikimpelekea kijiko cha uji anakaza meno, anageuzia uso ukutani. Niliona wazi ananifia hivi hivi nikimtazama.

Nikasema lazima nimpatie kitu cha kumfanya aingoje kesho. Zamani alipenda sana mpira. Alikuwa akienda kuutazama kwa rafiki yake kule Burat. Basi nikauza mbuzi, nikamwambia shemeji yangu, mdogo wake, anisindikize Nairobi tukanunue televisheni.

Dukani shemeji alinishauri nichukue ndogo isiyo na rangi, kama ile yake. Alisema mawimbi yakifika Isiolo yameshachoka, na picha mbovu ukiipanua unapanua ubovu. Nilimkatiza. Nilimwambia mgonjwa ni wangu, na kama amekosa miguu hatakosa na rangi. Siku hizo nilikuwa na hasira na dunia nzima, na shemeji ndiye aliyekuwa karibu. Tena ile kubwa ya rangi ilikuwa inawaka pale mbele yangu, mpaka nyasi za uwanja unaziona moja moja. Hakuna aliyeniambia kwamba pale dukani walikuwa wanaonyesha kanda ya video, si matangazo ya hewani. Nami sikuuliza, maana nilishaamua.

Tulipoiwasha nyumbani, loo, chenga tupu. Msoma habari alikuwa kama mtu aliyesimama nyuma ya unga unaochekechwa. Ukija mpira, wachezaji ni madoa yanayotetemeka, hujui nani ni nani. Nilifunga antena kwenye mti mrefu, upepo ukaigeuza. Nikapanda mwenyewe juu ya mabati na buibui langu, majirani wananitolea macho, nazungusha huku nauliza kupitia dirishani kama imeshika. Kimya. Nauliza tena, kimya. Nililia huko juu, nikalaani duka na mawimbi na lori na barabara, nikamwomba Mungu msamaha, nikaendelea kuzungusha.

Ajabu ni kwamba alikuwa anaitazama. Jioni nzima anakodolea zile chenga, na siku hizo akaanza kumeza vijiko viwili vitatu vya uji. Nikajiambia, kama anakula kwa picha mbovu namna hii, je, ikishika vizuri? Sikulala kwa kuwaza hilo. Asubuhi nikameza kiburi changu, nikamwendea shemeji.

Shemeji hakunicheka. Alibeba televisheni yake ndogo, akaiweka juu ya ile kubwa, akaunganisha antena ile ile. Picha ikatulia. Haikuwa na rangi, lakini ilikuwa safi, na kulikuwa na mechi. Vijana wanakimbilia mpira, jezi zinapepea, hata soksi unaziona. Nilishukuru kwa sauti, nikaenda mbio kuleta uji.

Nikamkuta mume wangu ameshageukia ukuta. Kisha akasema, sauti imekauka kwa kukaa bila kutumika:

"Mama watoto, nirudishie ile kubwa. Kwa ile nilikuwa sioni mtu akikimbia."

Shemeji alitoka nje bila kuaga. Niliirudisha antena kwenye televisheni kubwa, chenga zikajaa tena. Mume wangu akageuka, akafungua mdomo. Nilimlisha machozi yakinidondokea kwenye bakuli, mkono mmoja umeshika kijiko, mwingine umeshika bakuli, na hakuna wa kunifuta uso.